Solenoidi ya gia otomatiki imekufa: ubadilishe mwenyewe, umwachie fundi, au ununue giaboksi ya mtumba?

Gari la otomatiki likianza kupiga teke linapoingia gia ya pili, au likikwama gia ya tatu huku taa ya O/D OFF (ya kuzimwa kwa gia ya juu) ikiwakawaka kwenye dashibodi, mwenye gari hapa Arua, Uganda, husikia ushauri wa aina tatu kabla jua halijazama. Wa kwanza atamwambia afungue sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, abadilishe solenoidi, ni kazi ya asubuhi moja. Wa pili atasema giaboksi ishushwe ifunguliwe yote. Wa tatu atasema usipoteze muda, agiza giaboksi nzima kutoka soko la spea la Kisekka, Kampala, ije na basi la usiku. Kila mmoja anaweza kuwa na haki kwa ugonjwa wake. Shida ni kwamba wote watatu husema kabla hakuna aliyepima kitu.

Nitazilinganisha njia hizo tatu, na nausema msimamo wangu mapema ili msomaji aujue. Kupima ni kazi ya mwenye gari, hata kama kutengeneza atamwachia mwingine. Kubadilisha solenoidi kwenye Toyota nyingi za gia nne ni kazi anayoiweza mtu yeyote mwenye subira, spana safi na uwanja tambarare. Diski za klachi za ndani si za nyumbani. Na gari la CVT, yaani otomatiki ya mkanda na puli badala ya gia, nje ya kubadili oili yake sahihi, liache kwa mwenye vifaa.

Kwa anayeanza: solenoidi ni valvu ndogo ya umeme. Kompyuta ikiipa volti 12, inafungua au kufunga njia ya oili, na oili hiyo yenye presha ndiyo inayobana diski za klachi na kuleta gia. Toyota ya gia nne huwa na solenoidi chache tu: S1 na S2 za kubadilisha gia, SL ya kufunga torki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), SLT ya kurekebisha presha, na baadhi ya giaboksi zina ST pia. Zimefungwa kwenye valvu bodi, yaani bamba lenye njia za oili, na kwenye giaboksi tunazozungumzia, valvu bodi hiyo iko chini, juu kidogo ya sampu. Ndiyo maana watu hujaribu kuifanya kazi hii wenyewe: kitu kidogo, cha bei ndogo, kinafikika bila kushusha giaboksi.

Vipimo ndivyo vinavyochagua

Anza na oili. Vuta kijiti cha kupimia, dondoshea oili kwenye karatasi nyeupe, itazame, kisha inuse. Oili nyekundu au ya kahawia hafifu isiyo na harufu inaacha mlango wazi kwa njia ya kwanza. Oili nyeusi inayonuka kuungua inasema diski za klachi zimekwisha au zinaelekea kwisha, na hapo solenoidi mpya haitaokoa kitu. Oili ya rangi ya waridi, nzito kama maziwa, maana yake maji ya redieta yameingia kwenye giaboksi kupitia kipoza oili kilicho ndani ya redieta. Hiyo ni habari mbaya kuliko zote, kwa sababu maji hubandua utando wa diski. Usiwashe gari hilo tena hata kulisogeza ndani ya ua.

Pili, soma namba ya hitilafu. Magari ya 2000 na kuendelea mengi yana soketi ya pini 16 chini ya usukani, na kisomeo kidogo cha bei nafuu kinatosha. P0753 inahusu umeme wa solenoidi A, P0758 umeme wa solenoidi B, P0705 inahusu swichi ya P-R-N-D, P0741 inahusu kufunga kwa torki konveta, na P0730 inasema uwiano wa gia si sahihi, yaani kuna kitu kinateleza. Kwenye Toyota za zamani kama Corolla za "Kikumi" (AE100) zilizo na gia nne za kompyuta, huhitaji kisomeo kabisa. Tafuta kisanduku cha majaribio chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ya O/D ikiwa ON, kisha geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa ya O/D OFF itawaka kwa mafungu. 62 ni solenoidi namba 1, 63 ni namba 2, 64 ni ya kufunga konveta. 42 na 61 zinahusu sensa za mwendo, wala si solenoidi.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanaporuka: pima solenoidi kutoka nje kabla hujagusa bolti hata moja ya sampu. Chomoa plagi ya waya inayoingia kwenye giaboksi, injini ikiwa imezimwa. Weka multimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Solenoidi za kufungua na kufunga za Toyota, yaani S1, S2, SL na ST, husoma kati ya omu 11 na 15 gari likiwa baridi, ukigusa pini yake na bodi ya giaboksi. SLT ina pini mbili zake, nayo husoma karibu omu 5 tu. Multimita isiposoma kitu, waya umekatika mahali fulani kati ya pini na solenoidi. Ikisoma karibu sifuri, koili imeungana ndani. Rudia kipimo injini ikiwa moto, maana kuna solenoidi inayosoma vizuri asubuhi na kufa mchana baada ya kilomita kadhaa. Gari linalokwenda vizuri hadi Nebbi kisha likagoma mbele ya Pakwach mara nyingi lina ugonjwa wa namna hiyo.

Nambari zikiwa sawa, baridi na moto, solenoidi haina kosa la umeme. Inaweza bado kuwa imenasa kwa uchafu, lakini sasa uwezekano wa klachi au valvu bodi umekua, na pesa zako zisikimbilie kununua solenoidi.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu naliona kila msimu wa vumbi. Baada ya safari watu hupeleka gari washing bay na kuomba injini ipigwe presha. Maji huingia kwenye swichi ya gia iliyo juu ya giaboksi au kwenye plagi zake. Kesho yake gari halistati kwenye P, au taa ya D haiwaki, au gia zinachanganyikiwa. Najua mwenye Premio aliyenunua giaboksi nzima kwa tatizo la namna hiyo, na giaboksi mpya ikaendelea na ugonjwa uleule, kwa kuwa plagi ilikuwa ileile yenye kutu ya kijani. Plagi ya waya husafishwa kwa dawa ya kusafishia umeme na kukaushwa kwa hewa. Hakuna tengenezo la gia otomatiki lililo rahisi kuliko hilo, na ndilo la kwanza kujaribu.

Kuna kipimo kimoja zaidi kwa wenye Surf na Prado za zamani zenye giaboksi ya A340 na ndugu zake. Ukichomoa plagi ya solenoidi na kuendesha taratibu, gia zinakuja kwa mkono: L inatoa gia ya kwanza, 2 inatoa ya tatu, D inatoa ya nne. Zikija zote kwa nguvu, chuma cha ndani ni kizima na ugonjwa uko kwenye umeme. Gari likiteleza hata hivyo, ugonjwa uko ndani na njia ya kwanza imefungwa kwako. Ukirudisha plagi, futa namba za hitilafu, maana umezizalisha mwenyewe.

Njia ya kwanza: kubadilisha solenoidi nyumbani

Gari linalofaa zaidi ni Toyota ya gia nne yenye U340E au U341E: Corolla NZE, Premio na Allion za toleo la 240 zenye injini za 1.5 na 1.8, Wish ya kwanza ya 1.8. Barabara za Uganda zimejaa magari haya, na spea zake zinapatikana kwa urahisi kuliko za gari lolote lingine. Corolla za zamani zenye A245E nazo zinafaa.

Vifaa si vingi: boksi spana ya 10 na ratchet, spana ya L ya 10 kwa plagi ya kumwagia oili, torki renchi ndogo, multimita, chombo cha kupimia lita, jeki na stendi mbili za chuma. Stendi ni lazima. Magogo na mawe ya kando ya barabara yameua watu, na hakuna solenoidi inayostahili hatari hiyo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chomoa mkono hasi wa betri. Mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza, na uipime kwa lita: kwa kawaida hutoka lita 3 hadi 4, zilizobaki ziko ndani ya torki konveta. Kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha mwanzoni. Fungua bolti za sampu, ishushe taratibu, halafu kaa chini uangalie sumaku zilizo ndani yake kabla ya kuzifuta. Ujiuji mwembamba wa kijivu ni kawaida kwa gari lililotembea. Vipande vya chuma vinavyonasa kwenye sumaku vinasema beringi, gia au sahani za klachi zinalika. Chembe za njano zisizoshikwa na sumaku zinasema bushi zinalika. Ukiona vipande, funga sampu hapohapo, rudisha oili na uende kwenye njia ya pili au ya tatu. Gharama yako hadi hapo ni gasketi moja na nusu siku, na umejua ukweli ambao hakuna fundi angeweza kukuuzia tofauti.

Sumaku zikiwa safi, toa kichujio, kisha solenoidi zitaonekana. Bolti za ndani hazina urefu mmoja. Chora umbo la valvu bodi kwenye kipande cha kadibodi, toboa matundu na uchomeke kila bolti mahali pake. Toa solenoidi iliyokufa peke yake. Kabla ya kufunga mpya, ipime omu, halafu iguse kwa betri ya volti 12 usikie ikilia "tik". SLT usiiguse na betri moja kwa moja, pitisha umeme kwenye balbu ndogo ya wati 8 hadi 10 kwanza, la sivyo utaichoma. Pete za mpira ziwe mpya na zilowekwe ATF, yaani oili ya gia otomatiki. Bolti za valvu bodi na za sampu hukazwa kidogo tu, kati ya Nm 5 na 11 hivi kwa giaboksi hizi. Mkono uliozoea nati za magurudumu utavua nyuzi za alumini mara moja, na nyuzi zikishavuliwa, kazi ya nyumbani imekwisha.

Hapa Uganda kila kiungo hufungwa kwa silikoni. Kwenye sampu ya gia yenye gasketi ya mpira, usiweke. Silikoni inayobanwa kwenda ndani hukatika vipande, huziba kichujio, na baada ya miezi gari linaanza kuchelewa kushika D. Funga gasketi kavu kwenye uso safi, basi.

Mpaka wako wa nyumbani ni huu: sampu, kichujio, solenoidi, waya wa ndani. Ikiwa solenoidi unayoitaka haitoki mpaka valvu bodi ishuke, tafakari upya. Valvu bodi ikishuka bila utaratibu, vipira vidogo, springi na pistoni huanguka, na kimoja kikirudi mahali pasipo pake gari halitaingia rivasi. Anayetaka kwenda mbali hivyo awe na kitabu cha giaboksi yake wazi mbele yake, na afanyie chumbani, siyo uwanjani upepo wa vumbi ukivuma. Usitumie kitambaa chenye nyuzi ndani ya giaboksi, hata kipande kidogo.

Oili ndiyo sehemu inayoharibu kazi nzuri. Kijiti cha Toyota kimechorwa aina ya oili inayotakiwa, kisome. T-IV na WS ni aina mbili tofauti za oili ya Toyota, hazichanganywi. Baada ya kujaza, washa injini, pitisha gia P hadi L na kurudi, ukisubiri kidogo kila kituo, kisha pima kijiti ukiwa P na injini ikinguruma. Kipimo cha mwisho ni oili ikifika nyuzi 70 hadi 80, ikisimama kati ya alama za HOT. Giaboksi isiyo na kijiti hupimwa kwa plagi ya kufurikia oili ikiwa kwenye nyuzi zilizoandikwa kwa aina hiyo, mara nyingi karibu 40. Kukisia kwa giaboksi ya namna hii ni kuitafutia ajali. Na oili uliyoimwaga isiishie mtaroni wala bondeni. Iweke kwenye jerikeni, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Faida ya njia hii ni wazi: unalipia solenoidi, gasketi, kichujio na lita chache za oili, na unabaki na uhakika wa kilichofanyika. Hasara yake ni kwamba inatibu ugonjwa mmoja tu. Nitasema bila kuficha: mwenye vipimo vyote vitatu vinavyoelekeza kwenye solenoidi, na gari la aina niliyotaja, sioni sababu ya kumpa mtu mwingine kazi hii.

Solenoidi mpya au ya kuvua?

Kwenye maduka ya Kisekka na Ndeeba utapewa chaguo mbili: mpya ndani ya kiboksi kisicho na jina la kiwanda, au iliyovuliwa kwenye giaboksi iliyotoka Japani. Giaboksi za otomatiki za Toyota nyingi zimeundwa na Aisin, kampuni ya Japani, na kitu cha Aisin kilichovuliwa kikapimwa mbele yako nakipenda kuliko kipya kisicho na asili. Nenda na multimita yako. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kupima omu na kusikiliza mlio kwenye betri kabla ya kulipa, na anayekataza amekujibu. Ukiagiza ukiwa mbali, tuma picha ya solenoidi yako pamoja na plagi yake na rangi ya waya, siyo jina la gari tu, kwa sababu Premio mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti.

Njia ya pili: fundi afungue giaboksi

Hii ndiyo njia ya oili iliyoungua, ya P0730, ya gari linalonguruma bila kwenda, ya rivasi iliyokufa wakati D inafanya kazi. Giaboksi inashushwa, diski za klachi, sili na pete zinabadilishwa, valvu bodi inasafishwa. Fundi anayeijua kazi hii anahitaji preshi ya kubania springi, geji za kupimia nafasi ya klachi, na hewa ya kompresa kujaribu kila pistoni kabla ya kufunga. Muulize anapimaje nafasi ya klachi. Akijibu kwa kipimo, mwachie gari. Akijibu kwamba anajua kwa kuangalia, mshukuru na uende.

Tatizo la Arua, Moroto au Kitgum ni kwamba mafundi wa namna hiyo wengi wako Kampala. Gari likikwama mbali, usilivute kwa kamba huku magurudumu ya mbele yakizunguka. Pampu ya oili huendeshwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa giaboksi inazunguka bila kulainishwa. Gari la kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele, na la 4WD la kudumu lipandishwe lote juu ya lori. Nauli ya lori inauma, lakini kamba ya kutoka Karuma hadi Kampala inaweza kuigeuza kazi ya solenoidi kuwa kazi ya giaboksi nzima.

Ukilinganisha na njia ya kwanza, unalipa mara nyingi zaidi na unakaa siku kadhaa bila gari. Ukilinganisha na ya tatu, ubora wake unategemea mtu mmoja na uadilifu wake wa kununua diski nzuri. Omba urudishiwe diski zote za zamani. Siyo kwa kumbukumbu: idadi yake na rangi yake zitakuonyesha kama zilibadilishwa na kama kweli zilikuwa zimeungua.

Njia ya tatu: giaboksi ya mtumba

Kwa Toyota za kawaida, giaboksi iliyovuliwa Japani mara nyingi inagharimu karibu sawa na kufungua ya kwako vizuri, na inarudisha gari barabarani kwa siku moja au mbili. Kwa teksi au gari la biashara linalolipa mkopo kila juma, hiyo peke yake inaweza kuamua. Hatari ni kwamba unanunua kitu ambacho historia yake huioni.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyapuuza. La kwanza ni kibati cha gari, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kwenye mstari wa TRANS/AXLE. Hapo pameandikwa aina ya giaboksi yako, kwa mfano U341E. Linganisha na kibati kilicho kwenye giaboksi unayonunua, kisha hesabu pini za plagi. Kufanana kwa umbo hakutoshi.

La pili ni kipoza oili. Giaboksi yako ya zamani iliyokufa imejaza uchafu wa diski kwenye redieta na mabomba yake. Ukifunga giaboksi nyingine bila kuyasafisha, unaipelekea sumu ileile kutoka siku ya kwanza. Mabomba yapigwe dawa na hewa pande zote mbili, na kama oili iliwahi kuchanganyika na maji, redieta ibadilishwe pamoja na giaboksi. Mtu akikuambia giaboksi za mtumba hazidumu, muulize kama alisafisha kipoza.

La tatu ni torki konveta. Lazima iingie mpaka mwisho kwenye pampu ya oili kabla giaboksi haijakutana na injini. Ikikaa vizuri, inabaki nafasi ndogo kati yake na flaiwili, na unaweza kuizungusha kwa mkono. Fundi anayevuta giaboksi kwa bolti ili "ijikae" anavunja pampu, na lawama zote zinaenda kwa muuzaji wa Kampala.

Pale ambapo njia ya kwanza haipo: CVT

Hapa ulinganisho unabadilika, na unabadilika kwa wengi. Oktoba 2018 Uganda ilianza kukataa kuingizwa kwa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kuundwa. Maana yake, zile Premio 240 na Wish za kwanza zilizotufundisha kazi hii haziingii tena, na zinazoingia ni Premio na Allion za toleo la 260, Wish ya toleo la pili, Nissan zenye giaboksi za kampuni ya JATCO. Nyingi ni CVT. Hakuna gia nne wala diski za kubadilisha gia kama zile, kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili kwa presha kubwa.

Kwa gari kama hilo, kazi ya nyumbani ninayoikubali ni kubadili oili na kusafisha plagi za nje. Oili yake ni ya CVT peke yake: TC au FE kwa Toyota kulingana na giaboksi, NS-2 au NS-3 kwa Nissan. ATF ya kawaida ikiingia humo, mkanda unateleza na kukwaruza puli, na puli iliyokwaruzwa hairudi. Kwenye CVT nyingi za Nissan, valvu bodi huja na data zake za vipimo ambazo huandikwa kwenye kompyuta ya gia kwa mashine. Ukifunga nyingine bila kuandika data hizo, gari litapiga teke au litakataa kwenda ingawa spea yako ni nzima. Kwa hiyo mwenye CVT anachagua kati ya fundi mwenye mashine na giaboksi ya mtumba, na mimi huelekea kwenye mtumba uliothibitishwa aina yake, kwa sababu spea za ndani za CVT ni chache kwetu.

Nani achague ipi

Mwenye Corolla NZE, oili safi, P0758, omu zisizosoma kwenye S2: nunua solenoidi, fanya mwenyewe Jumamosi, na usimruhusu mtu akuuzie giaboksi. Mwenye Premio 240 iliyotembea sana, oili nyeusi, gari linateleza likipanda kilima: acha sampu imefungwa. Kama unakusudia kukaa na gari miaka mingi na una fundi unayemwamini, lifunguliwe. Kama ni gari la kazi, nunua mtumba. Mwenye Wish ya CVT inayotetemeka ikiondoka: badili oili sahihi kwanza, soma namba ya hitilafu, na usikubali mtu afungue kwa kubahatisha. Mwenye Surf ambayo gia zake zinakuja kwa mkono plagi ikiwa nje: tafuta waya na solenoidi, mashine yako ni nzima.

Kuna hali moja inayowasumbua wengi, pale vipimo vinapogongana: omu ziko sawa, oili ina harufu kidogo tu, gari linapiga teke kutoka N kwenda D lakini halitelezi. Hapo mimi ningebadili oili na kichujio, ningefungua sampu kuangalia sumaku, ningetoa SLT tu kuisafisha na kuijaribu, kisha ningeendesha juma moja. Presha ya oili isiyodhibitiwa huleta teke la namna hiyo, na gharama ya jaribio hilo ni ndogo. Lakini likianza kuteleza ndani ya juma hilo, lisimamishe.

Ukiishia kununua giaboksi ya mtumba, risiti iandikwe aina yake, namba iliyochongwa juu yake, na siku za majaribio mlizokubaliana, kisha muuzaji aweke alama yake ya rangi kwenye bolti za sampu ili ijulikane kama kuna aliyefungua. Giaboksi yako ya zamani usiikabidhi kama chuma chakavu siku hiyohiyo. Ndani yake kuna solenoidi ambazo hazikufa, waya wa ndani, na swichi ya gia. Zivue, zipime, ziandike omu zake kwenye karatasi, uzifunge kwenye mfuko safi wenye ATF kidogo. Jirani mwenye gari kama lako atazihitaji kabla yako.